Nani Amesema Hii ni Feki?

Desemba iliyopita, kwenye harusi moja hapa Moiben, bendi mbili zilialikwa. Sisi wa nyumbani tulikuwa tupige wakati wa zawadi, na vijana kutoka Eldoret mjini wapige watu wakila. Mmoja wao, mpiga gitaa, aliinama akakitazama kisanduku cha bati nilichokuwa nimekiweka chini karibu na kiatu changu. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mzee, hii pedali ni ya kampuni gani?"

"Ni yangu," nikamwambia. "Nimeitengeneza mwenyewe."

Akasimama wima, akawaangalia wenzake. "Ah," akasema, "kumbe ni feki."

Hakuwa ameisikia. Gitaa langu lilikuwa bado kwenye mfuko, waya bado umekunjwa. Kijana alikata kesi kabla shahidi hajafungua mdomo. Wenzake wakacheka, na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, nikabaki pale na bati langu kama mtoto aliyeshikwa na kuku wa jirani.

Nimekaa na hilo neno miezi mingi. Leo nataka kulijibu, kwa sababu siitwi hivyo peke yangu. Anaitwa hivyo kila mtu katika nchi hii anayefungua kitu, akakielewa, akakitengeneza tena kwa mkono wake.

Kwa msomaji ambaye si mtu wa gitaa: pedali ninayosema ni kile kisanduku ambacho mpigaji anakikanyaga ili sauti iache kuwa safi, ianze kukwaruza na kunguruma. Hakuna uchawi ndani. Nyuzi za gitaa la umeme zinatoa umeme mdogo sana. Transista ya kwanza inaukuza, ya pili inaukuza tena, mpaka wimbi linataka kupanda juu kuliko volti 9 za betri zinavyoruhusu. Haliwezi. Linakatwa kichwa na miguu, na huko kukatwa ndiko sikio lako linakosikia kama mkwaruzo.

Niliyoiga mimi inaitwa Fuzz Face. Ilianza kuuzwa London mwaka 1966, na Jimi Hendrix ndiye aliyeifanya ijulikane duniani. Ukiifungua unakuta transista 2, rezista 4, kapasita 3, na vidhibiti 2 vya kuzungusha, kimoja cha ukubwa wa sauti na kimoja cha mkwaruzo. Vipande 11. Ongeza swichi ya mguu, matundu mawili ya waya na betri, umemaliza. Redio ndogo ya kusikilizia taarifa ya habari ina vitu vingi kuliko hivyo.

Transista nilizitoa kwa redio tatu zilizokufa, moja ikiwa Philips ya marehemu babu yangu, ambayo alikuwa akiibeba mpaka shambani wakati wa kuvuna ngano. Ni zile za zamani za jemaniamu, zenye kofia ya chuma, zimeandikwa AC128. Nilipata sita nzima. Nikazipima moja moja kwa mita, maana si kila transista inafaa: ya kwanza inatakiwa ikuze karibu mara 80, ya pili karibu mara 120, na isivujishe umeme ovyo. Mbili tu ndizo zilizofaulu. Kisanduku alinikunjia fundi wa hapa senta anayetengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni. Nilipomwonyesha kipimo aliniuliza, "Sasa huyu mwanafunzi ni mdogo aje?"

Nililehemu usiku mbili. Usiku wa tatu nikawasha, nikapiga uzi mmoja, na mbwa wa jirani akaanza kubweka. Nikajua imekubali.

Sasa wewe niambie, feki iko wapi hapo?

Najua jibu la yule kijana. Atasema orijino ni ile ya London, na kila kinachofuata ni nakala. Basi twende huko London, na tuanzie kabla ya London.

Mwaka 1961 huko Marekani ulitoka wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry". Wakati wa kuurekodi Nashville, kipande kimoja ndani ya mashine ya kuchanganyia sauti kiliharibika, na gitaa la besi la Grady Martin likatoka kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Hawakuifuta. Wimbo ukapendwa, na wanamuziki wengine wakaanza kuulizia sauti ile. Fundi wa sauti, Glenn Snoddy, akatafuta namna ya kuitengeneza hitilafu hiyo makusudi kwa kutumia transista, na Gibson wakaiuza kuanzia mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Ndiyo iliyosikika mwaka 1965 kwenye "Satisfaction" ya Rolling Stones.

Maestro ilikuwa ya Marekani, na Waingereza walikuwa wakiitamani. Fundi mmoja wa London, Gary Hurst, akachukua wazo la Maestro, akaibadilisha, akatoa yake mwaka 1965, akaiita Tone Bender. Mwaka uliofuata ikaja Fuzz Face, na ukiuweka mchoro wake kando ya mchoro wa Tone Bender ya transista mbili, utaona ni ndugu wa tumbo moja. Na kile kipaza sauti kikubwa ambacho Hendrix alikuwa anachomeka pedali yake? Marshall. Marshall ya kwanza, mwaka 1962, ilitengenezwa kwa kuifuata sakiti ya Bassman ya Fender, kampuni ya Marekani, kwa sababu za Marekani zilikuwa ghali mno kwa vijana waliokuwa wakinunua vyombo dukani kwa Jim Marshall.

Kwa hivyo hiyo orijino unayoiapia ni mwana wa nakala, na babu yake ni mashine iliyoharibika. Na wale waliiga kwa sababu ile ile iliyonifanya mimi niige: kitu cha nje kilikuwa ghali, mkono ulikuwapo, na vipande vilipatikana. Wao wanaandikwa kwenye vitabu kama wavumbuzi. Fundi wa Moiben akifanya hivyo hivyo, ni feki.

Leo Fuzz Face ya miaka ya 1960 inauzwa zaidi ya dola 1,000. Hapa kwetu hiyo ni ng'ombe wa maziwa. Anayelipa hapo hanunui vipande 11. Ananunua hadithi ya kwamba hakuna nyingine kama ile. Na hiyo hadithi ina ukweli ambao wauzaji hawapendi kuueleza: kweli hakuna nyingine kama ile, kwa sababu transista za jemaniamu hazikuwahi kufanana. Pedali mbili zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja zilikuwa zikitoa sauti mbili tofauti, moja tamu, nyingine ikikohoa. Kabla ule mwongo haujaisha, watengenezaji wenyewe walikuwa wameiacha jemaniamu wakaanza kuweka transista za silikoni, ambazo sauti yake ni kali zaidi. Sasa orijino ni ipi kati ya hizo?

Tena jemaniamu haipendi joto. Ikipata joto inavujisha umeme na sauti inabadilika. Hapa Moiben tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, asubuhi unavaa sweta, na pedali yangu inaimba vizuri kabisa. Siku ya harusi, saa saba mchana, jua likiipiga lile bati moja kwa moja, ilianza kukatakata maneno. Nikaifunika kwa kofia yangu, ikatulia. Hayo ni maarifa ya hapa, ya hii hewa. Kijana wa mjini angeyapata kwangu bure kama angeuliza swali la pili.

Lakini wacha niongee na watu wa nyumbani, maana dharau hii haikuanza na yule kijana.

Sisi ni watu wa ngano na mahindi. Wakati wa mavuno kombaini ikivunjika shafti saa nne asubuhi, mawingu yakiwa yamekaa vile yanavyokaa, nani anauliza kama shafti mpya imetoka kiwandani Ulaya? Unaipeleka Eldoret kwa fundi wa mashine ya kukereza, anaipima ile iliyovunjika, anachonga nyingine, unairudisha kabla jua halijazama. Ngano inaingia guniani. Hakuna aliyewahi kukataa ugali au chapati kwa sababu shafti ilichongwa na mtu mwenye ovaroli yenye viraka. Trekta ngapi hapa zinalima zikiwa na nusu ya viungo vilivyotengenezwa na jua kali? Tunamwita yule fundi "mtaalamu". Tunampigia simu usiku.

Ikifika kwenye muziki, akili hiyo hiyo inatutoka. Gitaa lazima liwe na jina la mzungu, waya uwe na jina la mzungu, hata kile kitu ambacho kazi yake ni kuharibu sauti lazima kiharibu kwa kibali cha mzungu. Nimeona makanisa yakifanya mchango wa vyombo, wazee wanatoa mpaka mbuzi, kisha pesa zote zinaishia kwa kitu kimoja cha kung'aa ambacho kikiharibika hakuna mtu hapa anayeruhusiwa kukifungua. Kinawekwa kabatini. Kwaya inarudi kwa makofi.

Na huo mkwaruzo wenyewe, nani ametuambia ni wa wageni? Waganda wana kinubi chao, endongo, ambacho nyuzi zake zinagusa ngozi makusudi ili sauti itoke na mvumo wa kukwaruza. Kule Kinshasa, Konono N°1 ya marehemu Mawangu Mingiedi walichukua sumaku za vipuri vya magari makuukuu, wakatengeneza maikrofoni za likembe, wakazipitisha kwenye vipaza sauti vya kubahatisha. Sauti ikakwaruza. Wao hawakukimbia kununua kifaa cha kuisafisha. Walijenga muziki wao juu yake, na santuri yao "Congotronics" ilipotoka mwaka 2004, wazungu wenye studio za mamilioni wakaanza kuuliza walifanyaje.

Hata sisi Wakalenjin tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika kwa Wakipsigis na mashine yake ya kurekodi, akawakuta wasichana wanaimba kuhusu mtu aitwaye Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa Marekani mwenye gitaa, ambaye sauti yake ilikuwa imefika huku kwa santuri. Wale wasichana hawakuwa na gitaa. Waliipokea sauti ya mgeni, wakaitia ndani ya kinubi chao na lugha yao, na jina lake wakaligeuza likawa jina ambalo ungedhani amezaliwa Kericho. Naomba ukumbuke hapo kwenye jina, nitarudi.

Mpaka hapa msomaji ataona kama nimeshinda. Sijashinda bado. Kuna jambo inabidi nilikiri.

Watu wa hapa wana sababu ya kuogopa feki. Mwaka 2024 nchi hii ilikuwa na kashfa ya mbolea ya ruzuku isiyofikia viwango, na wakulima wakaahidiwa fidia. Mkulima amepanga foleni, amelipa, amebeba gunia, amepanda. Kwenye gunia pameandikwa mbolea. Mvua ikija ndipo anajua ameweka nini shambani. Mtu aliyepitia hayo, au aliyemwona jirani yake akipitia, usimlaumu akigeuza kila kitu juu chini kutafuta nembo.

Lakini angalia vizuri ni nini kilichomuumiza. Mbolea ikichanganywa na mtu wa hapa, kwa samadi ya hapa, ikaandikwa "samadi ya ng'ombe wa Moiben", ikawa ni samadi ya ng'ombe wa Moiben, hakuna aliyedanganywa. Ubaya uko pale ambapo maandishi ya nje yanasema hivi na kilicho ndani ni vile. Hiyo ndiyo maana ya feki, na haina maana nyingine. Kitu kinachosema ukweli kuhusu kilikotoka hakiwezi kuwa feki, hata kama umekiiga kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kinaweza kuwa kibovu. Ubovu ni kesi nyingine, na unajulikana kwa kusikiliza.

Sasa ungamo. Nina kijana ninayemfundisha kazi. Ana mkono mzuri kuliko wangu. Akilehemu huoni alipogusa. Wiki moja baada ya ile harusi alikuja akakaa kwenye stuli bila kushika kitu, nikajua kuna neno. Akaniambia kwamba mwezi Agosti aliuza pedali mbili mjini, na kabla ya kuziuza alikuwa amechapisha vibandiko vyenye jina la kampuni ya nje akavibandika juu. Mmoja wa wanunuzi alikuwa ni yule mpiga gitaa. Jamaa alikuja kuifungua kubadilisha betri, akakuta ndani ya kifuniko bati la masanduku ya bweni, lile lenye rangi ya buluu upande mmoja. Pale harusini aliitambua rangi. "Hii ni ya kampuni gani" halikuwa swali. Ulikuwa ni mtego.

Kwa hivyo alikosea kuhusu pedali yangu, kwa sababu haikuwa na kibandiko na nilimwambia ukweli. Lakini kuhusu meza ilikotoka hakukosea.

Nilimfokea yule kijana. Akaningoja nimalize, kisha akaniuliza: "Fundi, pedali ni ile ile. Nikisema ni ya Moiben, mtu ananipea elfu mbili. Nikisema ni ya Uingereza, ananipea elfu nane. Nani mwongo hapo, mimi ama yeye?"

Ni swali zuri na sitalikimbia. Nyote wawili. Mnunuzi anayelipa elfu sita kwa ajili ya kibandiko amelijenga soko la vibandiko, na asishangae kikiletwa. Ningependa yule mpiga gitaa alifikirie hilo: alipiga ile pedali miezi kadhaa bila kulalamika, mpaka siku alipoona rangi ya buluu. Masikio yalikuwa yameridhika. Macho ndiyo yaliyodai pesa zirudishwe.

Lakini wewe kijana wangu, sikiza pia. Sheria yenyewe imekupa nafasi kubwa kuliko unavyojua. Hataza, ile haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasiige, hapa Kenya inadumu miaka 20, kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001. Sakiti ya 1966 leo haina wa kukuzuia. Jina na nembo ndivyo vyenye wenyewe, na kuhusu hivyo kuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Hata wakubwa waligombana kwa mpaka huo huo. Mwaka 1977 wenye Gibson walipoishtaki kampuni iliyokuwa ikiuza magitaa ya Ibanez huko Marekani, kesi ilihusu umbo la kichwa cha gitaa, yaani sura inayomtambulisha mwenyewe. Ibanez walibadilisha kichwa, wakatengeneza sura yao, na leo wanajulikana kwa jina lao.

Na kando ya sheria, piga hesabu. Kila kibandiko ulichobandika ni tangazo la bure kwa kampuni iliyo mbali, lililolipiwa kwa mikono yako na redio ya babu yangu. Mteja akifurahi, anawasifu wao. Akikasirika, anakutafuta wewe. Ukiuza mia moja hivyo, siku ya mia na moja bado hakuna mtu anayekujua. Elfu mbili yenye jina lako inaweza kuwa elfu tatu mwaka ujao. Elfu nane ya jina la mwenzako itabaki hapo mpaka utakaposhikwa.

Tulimrudishia yule mpiga gitaa pesa zake. Kijana alipanda matatu akampelekea mkononi, akarudi na ile pedali. Yule wa pili hatujampata bado. Mpiga gitaa hanisalimii tukikutana mjini, na sina la kumwambia kuhusu hiyo. Nina la kumwambia kuhusu neno lake tu: alitumie mahali pake.

Na nina la kuwaambia mafundi wenzangu, kuanzia hapa mpaka Luthuli Avenue. Igeni. Fungueni kila kitu kinachofunguka. Lakini ndani ya kifuniko andikeni mmeiga nini, mmebadilisha nini, na nani amelehemu. Mchoro ubandikwe humo humo, ili kikiharibika yeyote aweze kukitengeneza. Na juu muweke jina lenu, lile la kwenu, kama wale wasichana wa Kipsigis walivyofanya na la mgeni wao.

Pedali zetu sasa zinaitwa Sergoit, kama ule mlima wa mawe tunaouona kutoka hapa. Jina linachongwa kwa msumari kwenye bati, na kijana ndiye anayelichonga. Tumeuza tatu. Bei ni elfu mbili, na ukitaka kuisikia kwanza, njoo na gitaa lako asubuhi kabla jua halijawa kali.